Chuma Kinachoungua Bila Maji: Somo la Kutu Nililolikosea Darasani

Wiki ya tatu ya TP, mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aliniuliza swali. Nilimjibu kwa kujiamini kabisa, na jibu halikuwa sahihi. Naandika makala haya kwa ajili ya wenzangu wa ualimu mnaojiandaa kwenda kufundisha, na pia kwa ninyi wa sayansi na uhandisi ambao mtasema, "Hilo mbona jepesi." Labda ni jepesi. Mimi lilininyima usingizi siku nne.

Shule yenyewe ni ya kata, mkoani Geita, jirani na machimbo ya wachimbaji wadogo. Darasa likinyamaza unasikia makarasha yakisaga mawe. Mimi kwetu Shinyanga, kwa hiyo niliona kama nimehamia mtaa wa pili tu: basi hadi Kahama, kisha Kakola, kisha Geita.

Siku hiyo mada ilikuwa kutu. Nilikuwa nimeandaa misumari mitatu kwenye chupa tatu. Wa kwanza ulikaa kwenye maji ya kawaida. Wa pili ulikaa kwenye maji yaliyochemshwa na kufunikwa na mafuta, ili hewa isiingie. Wa tatu ulikaa kwenye hewa iliyokaushwa. Baada ya wiki moja ni wa kwanza tu ulioshika kutu. Nikaandika hitimisho ubaoni: kutu inahitaji maji na oksijeni, kimoja kikikosekana hakuna kutu. Darasa likanakili. Nikaona kipindi kimeenda vizuri.

Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, mama yangu anapika chakula machimboni. Jiko lake ni la rimu ya gari, juu zimechomelewa nondo. Linawaka kutoka alfajiri hadi usiku, maji hayawezi kukaa pale. Mbona nondo zinaliwa mpaka zinakatika?"

Nikamjibu, "Ni unyevunyevu wa hewani." Akasema, "Sawa, mwalimu," akakaa. Lakini uso wake haukukubali, na wangu nao ulikuwa unajua.

Kutu ni kitu kimoja, kuungua ni kingine

Jioni nilipita kwa fundi wa kuchomelea kando ya barabara nikamuuliza kuhusu nondo za majiko. Hakusema neno "kutu" hata mara moja. Alisema, "Hizo zimeungua." Nilidhani anaongea kimtaani tu. Nilipokaa na vitabu usiku nikakuta kwamba fundi alikuwa karibu na kemia kuliko mimi niliyeandika ubaoni.

Kutu ile ya msumari ni oksidi ya chuma iliyoshikana na maji, na kweli haitokei bila maji. Lakini chuma kikipata joto kali hakihitaji maji tena. Kinaungana na oksijeni ya hewa moja kwa moja:

3Fe + 2O₂ → Fe₃O₄

Kinachopatikana si unga mwekundu bali gamba jeusi au la kijivu linalobanduka. Ukitazama ndani ya majivu ya jiko la chuma asubuhi utayaona magamba hayo. Wataalamu huita tendo hili uoksidishaji wa joto la juu. Huo ndio uliokuwa unazila nondo za mama yule.

Kuna namba moja inayofaa kukumbukwa: nyuzi joto 570 za Selsiasi. Chini ya hapo, gamba la chuma lina tabaka mbili za oksidi, Fe₃O₄ ndani na Fe₂O₃ nje. Juu ya hapo inaingia tabaka ya tatu, FeO, inayokaa chini kabisa, imegusana na chuma chenyewe. Tabaka hiyo ina mapengo mengi katika mpangilio wa chembe zake, kama uzio wa miba uliotobolewa na mbuzi. Ayoni za chuma zinapenya humo kwa urahisi, zinatoka nje kukutana na oksijeni, na gamba linanenepa haraka. Mkaa mwekundu unaopulizwa hewa unavuka nyuzi 570 bila shida. Kwa hiyo nondo ya kawaida juu ya mkaa iko upande mbaya wa mstari huo kila siku.

Siri si kuizuia oksijeni

Hapa ndipo nilipojifunza jambo kubwa kuliko yote. Nilikuwa naamini kwamba chuma kinachovumilia joto ni kile kisichoungana na oksijeni. Metali ya namna hiyo ipo, na watu wa Geita wanaijua vizuri: ni dhahabu. Ichome upendavyo, itayeyuka lakini haitaota gamba. Ila hakuna atakayetengeneza jiko la dhahabu.

Metali nyingine zote tunazotumia kwenye moto zinaungana na oksijeni, hata zile bora. Tofauti ni aina ya ngozi inayoota juu yake. Ngozi nzuri ina sifa tatu: inafunika kote, inakua polepole, na inashika isibanduke.

Kuhusu kufunika, Pilling na Bedworth walitoa kipimo mwaka 1923. Walilinganisha ujazo wa oksidi na ujazo wa metali iliyoizaa. Kwa magnesiamu uwiano ni karibu 0.81, yaani ngozi ni ndogo kuliko mwili, kama shati la mdogo wako: linaacha sehemu wazi. Kwa alumini ni karibu 1.28, linatosha vizuri. Kipimo hiki hakielezi kila kitu, lakini ni mwanzo mzuri wa kufikiri.

Kuhusu kukua polepole, kanuni ni kwamba ngozi ikishika, unene wake unafuata kipeuo cha pili cha muda. Kama unene wa kwanza umechukua saa 1, kuongezeka mara mbili kutachukua jumla ya saa 4, na mara tatu saa 9. Ngozi inavyonenepa, safari ya ayoni inakuwa ndefu na kazi inapungua. Carl Wagner alieleza sababu ya jambo hili mwaka 1933. Kwa lugha rahisi, ngozi ikiachwa ikae, inajilinda yenyewe.

Lakini ikibanduka, chuma kinabaki uchi na hesabu inaanza upya kutoka saa ya kwanza, ile ya kasi kubwa. Kitu kinachobandua ngozi kuliko kingine chochote ni kupasha na kupoza, kupasha na kupoza. Metali na oksidi yake havitanuki wala kusinyaa kwa kiasi kilekile, kwa hiyo kila joto linaposhuka vinavutana, na ngozi inapasuka. Ishike hiyo, tutairudia.

Kipindi cha kujisahihisha

Siku ya kipindi kilichofuata nilikuwa nimeamua kuanza kwa kukiri kosa. Saa mbili asubuhi nikaambiwa msimamizi wangu kutoka chuoni amefika kunikagua. Jamani! Andalio langu la somo lilikuwa la mada nyingine, na ukaguzi una maksi. Nilikaa ofisini na chaki mkononi nikipima: nifundishe kilichoandikwa kwenye andalio, au nirudi kwenye swali la yule binti?

Nikaingia nikasema, "Wiki iliyopita nilimjibu mwenzenu vibaya. Leo tutaona jibu."

Nilikuwa na kipande cha nondo, kijiko cha stenlesi, jiko la mkaa nje ya darasa, na mzani mdogo wa kupimia dhahabu niliouazima kwa mzazi mmoja. Mzani huo unapima hadi sehemu ya mia ya gramu. Shule nyingi hazina mzani wa namna hiyo, lakini ukanda wa dhahabu umejaa. Tulipima vitu vyote viwili, tukavisukumiza kwenye mkaa mwekundu, tukavitoa, tukaviacha vipoe kwenye sahani ya bati ili hata gamba likidondoka lisipotee, tukapima tena pamoja na magamba yake.

Kabla ya kupima niliwauliza: nondo itakuwa nzito zaidi au nyepesi? Karibu darasa zima lilisema nyepesi, kwa sababu "imeliwa". Mzani ukasema nzito zaidi. Kelele! Nikawaacha wabishane, mpaka mmoja akasema, "Basi kuna kitu kimeingia." Ndiyo. Kilichoingia ni oksijeni. Kila gramu 168 za chuma zinapogeuka kuwa Fe₃O₄ zinakuwa gramu 232, na hizo 64 zilizoongezeka zimetoka hewani. Kisha tukalisugua gamba kwa brashi ya waya, tukapima nondo peke yake. Sasa ikawa nyepesi kuliko mwanzo. Chuma hakikupotea, kimeondoka na gamba.

Kijiko cha stenlesi hakikubadilika uzito kwa mzani ule. Kilibadilika rangi tu: manjano ya dhahabu upande mmoja, zambarau na buluu upande mwingine. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Kimekuwa dhahabu!" Rangi hizo ni ngozi ya oksidi iliyo nyembamba mno kiasi kwamba mwanga unachezacheza ndani yake, kama rangi za mafuta juu ya dimbwi la maji. Ngozi ipo. Ila ni nyembamba na imeshika.

Msimamizi aliniandikia kwamba jaribio ni zuri, lakini nimetumia Kiswahili muda mrefu mno kwa somo linalofundishwa kwa Kiingereza, na nimeacha andalio. Ni kweli, yote mawili nilifanya. Sijalalamika. Nasema tu kwamba lile "kuna kitu kimeingia" lilisemwa kwa Kiswahili.

Ngozi nzuri inatengenezwaje

Kijiko kile kinasalimika kwa sababu ya kromiamu. Chuma kikiwa na angalau asilimia 10.5 ya kromiamu kinaitwa stenlesi. Vijiko vingi vina kama asilimia 18, pamoja na nikeli. Kromiamu inawahi kuungana na oksijeni na kujenga Cr₂O₃, ngozi yenye mapengo machache inayokua taratibu sana. Kwa joto kubwa zaidi kuna aloi zenye kromiamu asilimia 25 na nikeli asilimia 20, ambazo hufanya kazi hadi karibu nyuzi 1,100.

Mfano mwingine uko hosteli, chini ya kitanda, unakofichwa mlezi wa bweni akipita. Ile koili ya jiko la umeme inawaka nyekundu kwenye hewa wazi, siku baada ya siku, na haikatiki haraka. Aloi ya nikeli asilimia 80 na kromiamu asilimia 20 ilipewa hataza na Albert Marsh wa Marekani mwaka 1906. Mwaka 1931 Hans von Kantzow wa Uswidi akaleta aloi ya chuma, kromiamu na alumini, inayojulikana kama Kanthal. Hiyo inaota ngozi ya oksidi ya alumini, inayokua polepole hata kuliko ya kromiamu. Kwenye joto linalozidi nyuzi 1,000 hivi, oksidi ya kromiamu huanza kugeuka mvuke na kuondoka. Ya alumini inabaki.

Mbinu ya pili ni kiungo kidogo kama chumvi kwenye mboga. Ukiweka itriamu au seriamu kwa kiasi kisichofika hata asilimia moja, ngozi inashika vizuri zaidi na haibanduki ovyo inapopoa. Mbinu ya tatu ni kupaka: chuma cha kawaida kinafunikwa kwa alumini, kama inavyofanywa kwenye mabomba mengi ya sailensa za magari. Hapo tahadhari, bati la nyumba mara nyingi limepakwa zinki. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419 na ikizidishiwa moto hutoa moshi unaoumiza. Usitengenezee jiko.

Mbinu ya nne haina gharama ya aloi: punguza joto, na punguza kupasha na kupoza kwa ghafla.

Jiko la mama na tangi la joto

Nilipokuwa natafuta jibu la yule binti, nilishangaa kukuta swali lake ndilo linalowasumbua wahandisi wa kuhifadhi joto. Nieleze kwa nini jambo hili linatuhusu.

Kwetu Kishapu, kijiji cha Ngunga, kuna mradi wa umeme wa jua, awamu ya kwanza megawati 50 kati ya 150 zilizopangwa. Jua la Shinyanga si la kutafuta kwa tochi. Tatizo ni kwamba jua linazama jioni, na chakula kinapikwa usiku na alfajiri. Wakati huohuo mkaa unamaliza miti. Shinyanga tunajua maana yake, maana mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulikuwa wa kurudisha ngitili na miti baada ya ardhi kubaki uchi. Serikali nayo inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo mwaka 2034.

Njia moja ni kugeuza umeme wa mchana kuwa joto na kulitunza. Huko Kankaanpää, Finland, mwaka 2022 kampuni ya Polar Night Energy iliwasha hifadhi ya tani 100 za mchanga inayotunza joto la megawati-saa 8. Moroko, kituo cha Noor cha Ouarzazate kinatunza joto la jua kwenye chumvi iliyoyeyushwa. Chumvi ya aina hiyo hutumika hadi karibu nyuzi 565.

Tufanye hesabu yetu ya jikoni. Kilo moja ya mchanga mkavu inahitaji karibu kilojuli 0.8 kupanda nyuzi moja. Kilo 100 zikipanda kutoka nyuzi 100 hadi 500 zinabeba 100 × 0.8 × 400, sawa na kilojuli 32,000, karibu uniti 9 za LUKU. Kuchemsha lita 20 za maji kutoka nyuzi 25 kunahitaji kilojuli 6,300. Kwa karatasi, hayo ni masufuria matano. Joto litakalopotea njiani litapunguza idadi hiyo, lakini si hesabu ya kudharau.

Mchanga hauungui. Kinachoungua ni chuma kinachoingiza joto: koili na mabomba ya hewa moto. Na hifadhi ya joto, kwa kazi yake yenyewe, inapashwa mchana na kupozwa usiku. Kwa miaka 20 hiyo ni mizunguko 7,300. Ndiyo maana aloi iliyo bora kwenye moto usiozimwa inaweza kushindwa kwenye hifadhi ya joto. Inatakiwa ngozi inayovumilia kupasuliwa kila siku. Ukitaka kutumia chuma cha bei nafuu, weka mchanga chini ya nyuzi 570, ukubali kubeba joto kidogo, chuma kidumu. Ukitaka nyuzi 800, lipia nikeli, kromiamu au alumini.

Ndugu wa ukanda wa dhahabu, msije mkajaza hifadhi kwa marudio ya machimbo eti ni mchanga wa bure. Marudio mengi yana zebaki, na zebaki ikipashwa moto inatoka kama mvuke wenye sumu. Tumieni mchanga wa mtoni.

Kuhusu nikeli, iko Kabanga, wilayani Ngara, na mpango uliotangazwa ulikuwa kuisafishia Buzwagi, Kahama, mgodi wa dhahabu ulipokuwa. Sisi tunaitaja nikeli kwa ajili ya betri za magari tu. Kumbe ni metali hiyohiyo inayosaidia aloi kuvumilia moto. Atakayekuja kubuni aloi hizo Kahama leo yuko Kidato cha Kwanza mahali fulani, ananakili ubaoni kwamba bila maji chuma hakiliwi.

Nilichokiona machimboni

Wiki ya mwisho nilikwenda kumsalimia mama wa yule binti. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwalimu wangu, karibu ukae." Alikuwa anafunga kazi. Nondo bado zilikuwa nyekundu kwa chini. Akachota maji kwenye kopo akamwagia jiko zima ili kuokoa mkaa wa kesho. Likalia chaaa! Magamba yakaruka kama pumba.

Mimi na binti tukatazamana. Maji yalikuwepo kumbe, lakini hayakuwa yanafanya kazi niliyoitaja darasani. Yalikuwa yanapasua ngozi kila usiku, na kila alfajiri nondo inaanza kuungua upya ikiwa uchi.

Binti ndiye aliyemweleza mama yake, mimi nikanyamaza. Alimwambia asimwagie maji chuma cha moto. Mkaa autoe aufunike kwenye debe lenye mfuniko, ukose hewa, utazimika wenyewe, na nondo aziache zipoe taratibu. Mama akauliza nondo za stenlesi ni shilingi ngapi. Nilipomtajia bei niliyoambiwa na fundi alicheka, akasema, "Basi tuanze na debe."

TP iliisha kabla nondo zile hazijaisha. Kabla sijaondoka nilimwomba yule binti aandike kwenye daftari tarehe ya leo na tarehe zitakapokatika, alinganishe na zile za zamani. Lile hitimisho langu la kwanza nililifuta ubaoni, na kwenye madaftari niliwaambia wasilifute. Waliandika chini yake: "Hii ni kwa chuma cha baridi tu."